Pembe Thelathini na Moja

Nilitambua herufi kabla ya jina:
ile "g" yangu yenye mkia mrefu
iliyonichapisha viboko darasa la tatu, isinyooke,
imelala ubavuni mwa pembe ya karatasi
iliyojaa korosho za kukaanga, shilingi mia tano,
stendi ya Nachingwea, saa nne na nusu.

Nikazimimina korosho kiganjani.
Nikaikunjua pembe.
Tarehe. Uzito. Kijiji atokacho.
Jina la mume, na chini yake, kwa wino wangu mwekundu,
majibu ya kipimo ambacho mume huyo hakuambiwa.

Jina lake silitaji. Ninalo.
Limekaa kati ya mstari huu na ule unaofuata,

na hapo litakaa.

Miaka kumi na tisa natunza kumbukumbu kituoni.
Najua nani humeza vidonge akasingizia presha,
nani aliongeza umri ili aolewe,
mtoto yupi hana damu ya baba yake.
Sokoni nawasalimia wote kwa uso mmoja.
Mke wangu huuliza, "Leo kulikuwa na watu?"
Nami hujibu, "Walikuwapo," tukala.
Siri ya mtungi aijuaye kata, husema watu.
Hawasemi kata ikitoboka.

Ilitoboka hivi:
mchwa waliingia stoo; vyandarua vikaja, vikakosa pa kulala.
Mfawidhi akasema, "Likapa, toa makaratasi ya zamani."
Nikatoa. Magunia saba, nyuma ya tanuri la kuchomea taka,
na tanuri halikuwa na kuni,
na Ijumaa ilikuwa imeshanivua koti.
Nikasema Jumatatu.
Jumatatu yalikuwa sita.
Sikuhesabu.
Yaani nilihesabu, nikajiambia sikuhesabu.

"Zimebaki pembe ngapi?"
Binti akapitisha kidole kwenye beseni. "Thelathini na moja."
"Nipe zote."
"Una shughuli, baba?"
"Nina shughuli."

Nyuma ya banda la fundi baiskeli nikazikunjua,
moja moja, kama bandeji iliyogandia kidonda.
Kadi ya mtoto, mstari wa uzito unapanda, unapanda,
halafu hakuna mstari.
Mwalimu wa kwaya, kaswende, mwaka wa mafuriko.
(Hakuwa mwalimu wa kwaya, wala si kaswende.
Nimebadilisha. Nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza.)
Mafuta yalikuwa yamepenya karatasi;
ukiiinua juani
unamwona mtu anayepita upande wa pili,
na jina la mwingine limemkaa usoni.

Korosho zilijaa kofia, zikajaa mifuko ya suruali.
Nikarudi kwa binti.
"Nyumbani karatasi hizi zimebaki?"
"Nusu gunia. Baba alipimiwa kwa kilo."
"Mama yako huzisoma?"
"Mama hajui kusoma."
"Na wewe?"
Akatazama beseni tupu. "Najua."
Nikangoja. Basi la Masasi likapiga honi, likaondoka.
"Za mtaa wetu nilizitoa," akasema,
"nikazitumbukiza chooni. Sijamwambia mtu."
"Uko darasa la ngapi?"
"La sita."

Mimi nina kiapo. Kimepigwa muhuri,
kimetundikwa ukutani juu ya kabati la mafaili,
fremu yake nilinunua mwenyewe.
Yeye hakuna aliyemwapisha.

Kuni nilinunua kwa fedha yangu, mizigo miwili.
Magunia sita na nusu yaliungua hadi usiku wa manane
na mlinzi akisimama mbali, akisoma ardhi.
Sikumwuliza kitu. Sikuwa na mdomo wa kumwulizia.
Wino mwekundu ukiungua hauna rangi ya peke yake.

Nilifika nyumbani ninanuka moshi.
Mke wangu akatazama kofia iliyofurika korosho,
akatazama majivu kwenye nyusi zangu.
"Leo kulikuwa na watu?"
"Walikuwapo," nikasema,
nikamsogezea kofia.